Uyahudi: nchi au dini?

Katika Biblia ya Muungano, Mathayo 2:1 inasema Yesu alizaliwa "katika Bethlehemu ya Uyahudi". Uyahudi hapo ni nchi, kama Ugogo au Unyamwezi. Mwalimu akiingia darasani na kufundisha kwamba Uyahudi, Ukristo na Uislamu zote zinamkiri Mungu mmoja, Uyahudi umekuwa dini. Neno halikubadilika hata herufi moja, na wala hakuna anayeshtuka, maana kiambishi u- kwetu kinabeba nchi, hali, tabia na imani kwa pamoja.

Mfasiri wa Kiingereza hana nafasi hiyo. Yeye analazimika kuchagua: jina la mkoa au jina la dini, mtu wa mkoa au mtu wa dini. Mwaka 2007 Steve Mason, mtaalamu wa maandishi ya Flavius Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1 BK, alitoa makala ndefu akidai kwamba neno la Kigiriki Ioudaios lisitafsiriwe tena Myahudi, bali mtu wa Yudea. Watu wa kale, alisema, hawakuwa na kitu tunachokiita dini, kilichojitenga na kabila, ardhi, sheria za mababu na sadaka za hekaluni. Mmisri alikuwa na Misri yake, Mshami na Shamu yake, na Ioudaios na Yudea yake, kila mmoja na ibada za kwao. Waliompinga walijibu kwamba anawafuta Wayahudi katika historia yao wenyewe. Adele Reinhartz, mtaalamu wa Injili ya Yohana, aliandika hivyo mwaka 2014 bila kumung'unya maneno.

Ubishi huu si wa maprofesa peke yao. Unaamua jinsi tunavyosoma Injili, jinsi tunavyoandika habari za Mashariki ya Kati, na nani anapewa au kunyimwa hati ya uraia. Kwa maoni yangu Mason ameshinda kuhusu jina la dini, na ameshindwa kuhusu jina la mtu.

Shina la yote ni mtoto mchanga. Katika Mwanzo 29:35 Lea anajifungua mwana wa nne, anasema mara hii atamsifu Bwana, na anamwita Yehuda. Kitenzi alichotumia ni odeh, yaani nitasifu au nitashukuru, na sikio la Kiebrania linaunganisha maneno hayo mawili papo hapo. Kutoka Yehuda unapata yehudi, mtu wa Yehuda. Wakiwa wengi ni yehudim. Kiarabu kina yahud kwa kundi na yahudi kwa mtu mmoja, nasi tukaazima yahudi tukalivika m- na wa-. Katika mawaidha ya pwani utasikia pia Mayahudi.

Kumbe hapo ndipo msomaji wa Kiswahili anapopotea njia. Yuda lilitufikia kutoka Kigiriki kwa mikono ya wamisionari, ilhali Myahudi lilikuwa limeshatufikia kutoka Kiarabu. Ndugu hawa wawili wamekaa katika kitabu kimoja kama watu wasiojuana. Mtu anaweza kusoma habari za ufalme wa Yuda miaka nenda miaka rudi asitambue kwamba Wayahudi maana yake ni watu wa ufalme huohuo. Na kwa kuwa Yuda kwetu limekuwa jina la msaliti, wengi hawajui kwamba Iskariote alibeba jina la heshima, la kawaida kabisa, ambalo pia lilikuwa la ndugu mmoja wa Yesu (Marko 6:3) na la Yuda Makabayo, shujaa wa vita vya karne ya 2 KK. Kiganda kimeikwepa ajali hiyo: Wayahudi ni Abayudaya, na Yuda anasikika humo ndani.

Wafasiri wa Qurani wametaja pia asili nyingine, kitenzi hada, kurejea kwa toba, wakiegemea maneno "hudna ilayka" ya 7:156, "tumerejea kwako". Ni tafsiri nzuri ya kiroho. Kama historia ya neno haifiki mbali, kwa sababu Yehuda limeandikwa na Waashuri na Wababeli, watu wasio na haja ya kulipamba, zaidi ya miaka elfu moja kabla.

Sasa hesabu vizazi: Ibrahimu, Isaka, Yakobo, Yuda. Yuda ni kitukuu. Qurani 3:67 inaposema Ibrahimu hakuwa Myahudi wala Mnasara, aya inazungumzia imani, lakini hata mfuatano wa vizazi unakubaliana nayo. Biblia haimwiti Ibrahimu yehudi, wala Musa wa kabila la Lawi, wala Sauli wa Benyamini. Hao ni Waebrania, au wana wa Israeli. Upande wa pili una jibu lake nalo lina uzito: Wayahudi humwita Ibrahimu baba yao, na mtu aliyeongoka huitwa kwa jina lake pamoja na "bin Ibrahimu". Kwao jina lilichelewa kuja, watu walikuwapo tangu mwanzo.

Lilichelewa kiasi gani? Baada ya Sulemani, kama mwaka 930 KK, ufalme ulipasuka: Israeli kaskazini, Yuda kusini. Yehudim wanatajwa kwa mara ya kwanza katika 2 Wafalme 16:6, Washami wanapowafukuza kutoka Elathi, na hapo ni raia wa mfalme Ahazi wa Yuda, basi. Kaskazini ilianguka mikononi mwa Ashuru mwaka 722 KK. Mwaka 701 KK Senakeribu aliivamia kusini, na katika kumbukumbu zake za udongo anamtaja Hezekia wa Yuda na kujisifu kwa miji 46 yenye ngome aliyoiteka. Kwa kuwa Israeli ya kaskazini ilikwisha kama dola, jina la kusini ndilo lililobaki hai.

Halafu nchi nayo ikaondoka miguuni mwao. Yerusalemu ilianguka mwaka 586 KK. Kibao cha udongo cha mwaka 572 KK kinataja makazi ya watu wa Yuda huko Babeli, makazi ambayo hati za baadaye zinayaita Al-Yahudu, Mji wa Yuda. Kwa upande wa Misri, katika kisiwa cha Elefantine mtoni Nile karibu na Aswan, palikuwa na kikosi cha askari waliojiita yehudaye, wenye hekalu lao la Yahu, jina walilomwitia Mungu. Lilibomolewa mwaka 410 KK, na mwaka 407 KK wakamwandikia liwali wa Yehud, jimbo la Waajemi lenye Yerusalemu, wakiomba msaada wa kulijenga upya. Mkazi mmoja wa huko, Mahseya bin Yedania, ameandikwa Myahudi katika hati moja na Mwaramu katika nyingine. Josephus baadaye alisema wazi kwamba jina hili lilianza kutumika tangu waliporudi kutoka Babeli, na kwamba linatokana na kabila la Yuda.

Umbali wa jina kutoka kwa kabila unaonekana vizuri kwa Mordekai. Esta 2:5 inamwita Myahudi na Mbenyamini katika mstari mmoja, tena akiwa Shushani, Uajemi. Si wa kabila la Yuda, haishi Yuda, na bado ni Myahudi. Sura ya 8:17 inaongeza kwamba watu wengi wa nchi walijifanya Wayahudi kwa hofu, na Kiebrania kina kitenzi kamili kwa jambo hilo, mityahadim. Neno likishapata kitenzi cha kujiunga, haliwezi tena kuwa anwani tu.

Tuje kwenye neno la dini, maana hapa Mason yuko imara. Neno la Kigiriki Ioudaismos linaonekana kwanza katika 2 Wamakabayo (2:21, 8:1, 14:38), kitabu ambacho Wakatoliki na Waorthodoksi wanacho. Tafsiri nyingi huandika dini ya Kiyahudi. Lakini angalia linasimama mkabala na nini: sura ya 4:13 inalalamikia Hellenismos, wimbi la kuiga Uyunani, makuhani wakikimbilia viwanja vya mieleka na kuacha madhabahu. Hellenismos haikuwa dini. Ilikuwa mwendo, mtu kujifanya Myunani. Basi Ioudaismos ni mwendo wa kinyume chake: kushikilia desturi za Kiyahudi na kuzipigania. Paulo katika Wagalatia 1:13-14 analitumia akieleza alivyolitesa kanisa na kuwapita wenzake kwa bidii. Anaeleza harakati aliyokuwamo, hajazi fomu penye nafasi ya dini.

Waliolifanya neno hili jina la dini ni Wakristo. Mapema karne ya 2 BK, askofu Ignatius wa Antiokia aliandika barua akiweka Christianismos, yaani Ukristo, upande mmoja na Ioudaismos upande mwingine, kama nyumba mbili ambazo mtu hawezi kulala zote usiku mmoja. Marabi, walimu wa sheria ya Kiyahudi, wenyewe hawakuwa na neno hilo. Mishna, mkusanyiko wa sheria zao wa karibu mwaka 200 BK, inasema Torati, amri na Israeli. Kitu kinachokaribia ni dat yehudit, desturi ya Kiyahudi, katika Mishna, Ketubot 7:6, nacho ni heshima ya mwanamke wa Kiyahudi tu: asitoke kichwa wazi, asisokote uzi barabarani, asizungumze na kila mwanamume. Yahadut, neno linalotumika leo kwa Kiebrania, lilikomaa baadaye sana. Kwa hiyo anayesema kwamba Musa alianzisha Uyahudi kama mtu anavyoanzisha chama, anatumia sanduku lililotengenezwa na wengine, karne nyingi baadaye.

Lakini Mason anakwenda hatua moja mbele: kwa kuwa dini haikuwa kitu cha kujitegemea, basi Ioudaios ni mtu wa mahali. Hapo ndipo ushahidi unapomponyoka. Yohana Hirkano, kuhani mkuu na mtawala wa mwishoni mwa karne ya 2 KK, aliwashinda Waedomu akawaambia watahiriwe au wahame. Walitahiriwa, na Josephus anasema tangu hapo wakawa Ioudaioi, wingi wa Ioudaios. Katika karne ya 1 BK, Izates, mfalme wa Adiabene kaskazini mwa Iraki ya leo, aliamini hatakuwa Ioudaios imara mpaka atahiriwe. Mwalimu mmoja akamwambia si lazima, anaweza kumcha Mungu bila hayo. Mwingine, aitwaye Eleazari, akamkuta anasoma Torati akamuuliza kwa nini anaisoma bila kuitenda. Izates akaita tabibu. Alitahiriwa na akaendelea kutawala nchi yake mwenyewe. Kumwita mtu wa Yudea ni kumwita kile ambacho hakukitaka. Na Cassius Dio, mwanahistoria wa Roma wa karne ya 3 BK, anasema jina hilo wanapewa pia watu wa mataifa mengine wanaofuata sheria zao.

Ushahidi mkali kuliko wote ni wa kodi, maana mtoza kodi lazima ajue amtoze nani. Baada ya hekalu kuteketezwa mwaka 70 BK, mfalme wa Roma Vespasian aliamuru kila Ioudaios, popote alipo katika dola, alipe drakma mbili kwa mwaka. Ndicho kiasi walichokuwa wakipeleka hekaluni. Sasa kilikwenda kwa hekalu la Jupiter huko Roma. Mwandishi wa Kirumi Suetonius anaandika kwamba chini ya mfalme Domitian waliandamwa watu wa aina mbili: walioishi kwa desturi za Kiyahudi bila kukiri hivyo, na waliozaliwa Wayahudi wakaficha asili yao wasilipe. Anakumbuka kwamba alipokuwa kijana alimwona mzee wa miaka 90 akikaguliwa mbele ya baraza lililojaa watu, ili ijulikane kama ametahiriwa. Fedheha ilizidi mpaka mwaka 96 BK mfalme Nerva akapiga sarafu yenye mtende na maneno ya kutangaza kwamba uonevu wa kodi hiyo umeondolewa.

Mwenendo na asili, yote mawili katika daftari moja la kodi. Roma ilijaribu kumfafanua Myahudi kwa kimoja ikashindwa, na kila aliyefuata amejikwaa palepale. Sheria za Nuremberg za 1935, za Ujerumani ya Hitler, zilidai kupima damu, lakini katika kuamua nani ni nani zilihesabu mababu na mabibi waliokuwa waumini wa jumuiya ya dini ya Kiyahudi: watatu au zaidi, wewe ni Myahudi. Madai ya damu yalilazimika kwenda kuomba ushahidi kwenye rejesta za ibada.

Israeli nayo, kwa nia tofauti kabisa, imekutana na fundo hilohilo. Sheria ya Kurejea ya 1950 ilimpa kila Myahudi haki ya kuhamia huko bila kusema Myahudi ni nani. Mwaka 1962 akafika mahakamani Oswald Rufeisen, Myahudi wa Poland aliyewaokoa wenzake wakati wa vita kisha akawa mtawa Mkatoliki wa shirika la Wakarmeli kwa jina la Daniel. Kwa sheria ya marabi, aliyezaliwa na mama Myahudi haachi kuwa Myahudi kwa kubadili dini. Mahakama ikasema katika sheria ya nchi neno lichukuliwe kama watu wa kawaida wanavyolielewa, na mtu wa kawaida hamwiti padri Myahudi. Akanyimwa haki hiyo. Mwaka 1970 Benjamin Shalit, afisa wa jeshi la majini ambaye mke wake hakuwa Myahudi, alishinda kesi kwa majaji watano dhidi ya wanne, watoto wake waandikwe Wayahudi kwa taifa. Mwaka huohuo bunge likaandika tafsiri: aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeongoka, na ambaye si mfuasi wa dini nyingine. Isome polepole. Nusu yake ni nasaba na nusu ni imani.

Tofauti nyingine ambayo mjadala wa Yudea na dini huisahau ni nani anayeita. Katika uasi wa 66 hadi 70 BK, waliokuwa Yerusalemu walipiga sarafu za fedha zenye maneno "shekeli ya Israeli". Kuanzia mwaka 71 Roma ikapiga zake: mwanamke ameketi chini ya mtende akilia, na maandishi ya kutangaza Yudea imetekwa. Watu walewale, miaka ileile, jina la ndani na jina la nje. Injili nazo zinalitunza hilo. Mamajusi na Pilato wanasema Mfalme wa Wayahudi. Makuhani wanaomdhihaki Yesu msalabani wanasema Mfalme wa Israeli (Marko 15:32). Hata hivyo si kanuni isiyovunjika, kwani sarafu za Hirkano ziliandikwa kwa Kiebrania "jumuiya ya Wayahudi". Wasamaria mpaka leo hujihesabu kuwa Israeli na hukataa kuitwa Wayahudi. Wayahudi wa Ethiopia hujiita Beta Israel, nyumba ya Israeli. Falasha ni jina walilobandikwa.

Afrika Mashariki tuna mfano wetu, karibu na Mbale, Uganda. Semei Kakungulu, jemadari aliyewasaidia Waingereza kisha akavunjika moyo nao, alisoma Agano la Kale akaona tohara imeamriwa. Wenzake wa kikundi cha Kikristo cha Malaki wakamwambia tohara ni ya Wayahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe, akakubali jina. Jamii yake, Abayudaya, ilipigwa marufuku na Idi Amin lakini ikabaki. Mwaka 2002 wengi wao waliongoka rasmi mbele ya marabi waliokuja kutoka nje. Hakuna aliyetoka Yudea. Njia waliyoipita ni ya Izates, hatua kwa hatua.

Kuna hoja moja ya mitandaoni inayopaswa kujibiwa kwa sababu inaumiza watu: kwamba Wayahudi wa leo si wa Biblia, kwa kuwa herufi J haikuwapo zamani, na kwamba Ufunuo 2:9 inataja wanaojiita Wayahudi nao sio. Hoja ya J ni ya tahajia ya Ulaya. Herufi I na J zilitenganishwa katika uandishi karne chache zilizopita, na sauti ya neno ilikuwapo kabla. Kwa Kiswahili haina hata pa kushika, kwani sisi tunaandika y kama Waebrania wenyewe. Ufunuo nao unazungumza na makanisa ya Smirna na Filadelfia juu ya mgogoro wa miji hiyo, miaka karibu elfu mbili iliyopita. Kuutumia kumnyang'anya mtu wa leo jina la mababu zake ni dhuluma.

Madhara makubwa ya tafsiri yako katika Yohana. Mathayo, Marko na Luka kwa pamoja hazifikishi Ioudaioi 20. Yohana peke yake ina kama 70, nyingi zikiwa za uhasama. Katika 7:13 watu wananong'ona juu ya Yesu kwa kuwaogopa Wayahudi. Waliokuwa wakinong'ona ni Wayahudi. Katika 9:22 wazazi wa kipofu wanawaogopa Wayahudi, wasije wakafukuzwa katika sinagogi, na wao ni Wayahudi wenye sinagogi hilo. Msomaji asiyeambiwa hili anatoka na picha ya taifa zima likimwinda mtu mmoja. Kwa 7:1, ambapo Yesu anakwepa Uyahudi kwa sababu Wayahudi wanataka kumwua, pendekezo la Mason linatoa maana safi: hatembei Yudea kwa sababu ya watu wa Yudea. Biblia ya Habari Njema imeandika "viongozi wa Wayahudi", nayo inafaa pale. Haifai 11:19, ambapo Wayahudi ni majirani waliokuja kuwapa pole Martha na Maria.

Ila kuligeuza neno kila mahali kuna hatari ambayo historia imeshaionyesha. Mwaka 1939 huko Eisenach, Ujerumani, kilianzishwa chuo cha kuondoa athari za Kiyahudi kanisani, kikiongozwa kitaaluma na Walter Grundmann, aliyedai Yesu wa Galilaya hakuwa Myahudi. Mwaka uliofuata kikachapisha Agano Jipya lililosafishwa. Mason hana uhusiano wowote na uovu huo. Lakini Biblia isiyo na Myahudi hata mmoja ndani yake imeshawahi kutamaniwa, na tunajua na akina nani.

Kwa anayeandika Kiswahili, nafuu ipo. Andika Waisraeli wa kale kwa makabila, watu wa Yuda kwa raia wa ule ufalme wa kusini, Wayahudi kuanzia uhamisho wa Babeli. Kwa leo, Mwisraeli ni raia wa nchi, na raia mmoja katika kila watano ni Mwarabu. Ukiandika "jeshi la Kiyahudi" umewasahau Wadruzi, jamii inayozungumza Kiarabu na yenye dini yake, wanaotumikia humo. Uyahudi kama mkoa ni salama zaidi kuandikwa Yudea, Uyahudi ukabaki kwa dini na maisha yake.

Na anayetaka kupima tafsiri yoyote, aanzie Yohana 4. Yesu ni wa Nazareti, Galilaya. Anaomba maji kisimani, na mwanamke anamjibu: "Imekuwaje wewe Myahudi kutaka maji kwangu, nami ni mwanamke Msamaria?" Weka pale "mtu wa Yudea" na msomaji atauliza, mbona si wa huko? Weka maana ya dini peke yake na hutaelewa kwa nini mara anamtaja Yakobo, "baba yetu", aliyewapa kisima kile, kabla ya kuuliza ni mlima upi unaofaa kuabudia.